Nati ya Gurudumu la Nyuma

Nyundo ikipiga chuma hulia. Ikipiga vidole vya mtu hailii. Hutoa sauti fupi, kavu, kama muwa ukivunjwa gotini. Niliisikia mara moja tu, mtaani kwetu Mjambere, Ijumaa moja baada ya alasiri, mwaka niliomaliza darasa la nane nikabaki nyumbani. Mpaka leo mtu akivunja muwa mbele yangu mimi huangalia kando.

Nilikuwa nikiuza viazi karai mbele ya kibanda cha fundi wa pikipiki. Fundi alikuwa mtu wa Kaloleni, Mkristo, mpole, asiyeweza kugombana hata na mbuzi aliyekula kofia yake. Nikikosa wateja nilimkodolea macho, naye akanifundisha. Ukimletea gurudumu linalocheza hakugusa spana kwanza. Alisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, akashika gurudumu mkono mmoja juu, mmoja chini, akasukuma na kuvuta.

"Likigonga ndani kwa ndani, hiyo beringi, gololi zake zimelika," aliniambia. "Likihama zima zima, tazama nati ya ekseli, chuma hiki kinachopita katikati. Usifungue kitu kabla hujalitikisa, mwanangu."

Mimi nikisikiliza huku moyo uko mbali. Nilikwisha jiona naendesha pikipiki yangu hadi Lamu, buibui likipepea, ikiniharibikia Witu naitengeneza mwenyewe watu wakinizunguka. Ndoto hailipiwi nauli.

Pikipiki nyumbani kwetu ilikuwa moja tu, ya ami, ndugu mdogo wa marehemu babangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa msimamizi wa wakata mawe kule Mwakirunge, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mkewe aujua, mimi naujua, punda wa jirani aujua. Lakini jioni akiipangusa ile pikipiki kwa kitambaa alikuwa akiimba, na saa hiyo nilimpenda. Wiki moja kabla ya Ijumaa ile, fundi alimtilia beringi mpya za nyuma. Grisi niliipaka mimi.

Sasa siku hiyo namuona ami aja kwa miguu, na wakata mawe wawili nyuma yake wanaisukuma pikipiki. Kanzu imepasuka hadi kiunoni, goti limechunika hadi nyama, kidevu chatoka damu. Gurudumu la nyuma layumba kama mlevi. Alikuwa ameanguka kwenye mteremko, na lori la mawe lililokuwa nyuma yake likampitia ubavuni, nusura limkanyage kichwa.

"Yuko wapi mwizi?"

Fundi alitoka akijifuta mikono. "Pole, bwana. Kwani kumeingia..."

Ami alimpiga kichwa cha pua. Fundi akaangukia karai langu, mafuta ya moto yakammwagikia mgongoni, akajiviringisha mchangani kama samaki. Watu wakajaa.

"Umenitilia beringi kuukuu, zangu umeziuza," ami akasema, akimpiga teke kwa kila neno. "Leo mke wangu angekuwa edani."

"Haki ya Mungu, bwana, nilitia mpya."

"Mungu yupi huyo, aliye na duka la spea?" akasema mmoja wa wakata mawe. Watu wakacheka.

Mama muuza samaki alisema, "Mwacheni, mtaua mtu," lakini alisema huku akirudi nyuma, asije akakanyagiwa beseni lake.

"Simuui," ami akasema. "Nautaka mkono."

Wale wawili walimburura fundi hadi kwenye kipande cha reli alichonyooshea vyuma, wakaulaza mkono wake wa kulia juu yake. Nyundo aliyoishika ami ilikuwa ya fundi mwenyewe.

"Ami," nikasema, "mimi nilikuwapo. Beringi nilizipaka grisi mimi, ni mpya wallahi."

"Nyamaza. Wewe wajua viazi."

Wakacheka tena, na nyundo ikashuka.

Vidole viwili, cha mwisho na mwenzake. Fundi hakupiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayeomba maji, "Hivi vitatu niachie, bwana, nina watoto." Ami akainua nyundo tena.

Sikuwa na nguvu ya kumshika mtu. Nilikimbilia kitu nilichokijua. Pikipiki ilikuwa imesimamishwa kwa stendi kubwa; nikapiga magoti, nikashika gurudumu juu na chini, nikasukuma. Ndani hapakugonga kitu. Gurudumu lilihama zima zima, na ekseli ikahama nalo.

"Ami, si beringi. Njoo utazame. Si beringi."

Vumbi jeupe la mawe lilikuwa limegandana na grisi pale kwenye nati. Nikalisugua kwa pembe ya leso. Pini ya kuzuia nati haikuwapo. Nati ilikuwa imerudi nyuma, na kati yake na fremu palikuwa na kitu cheusi. Nikakivuta kwa kucha. Ngozi iliyoshonwa, imepondwa bapa kama ndizi kavu.

Hirizi. Watu walirudi nyuma hatua nzima, na yule mkata mawe aliyekuwa akicheka aliuachia mkono wa fundi.

Nilielewa nikiwa bado nimeishika. Ami aliogopa kijicho cha watu, akataka kinga ikae penye gurudumu. Akafungua nati mwenyewe, akaivika kamba ya hirizi kwenye ekseli, akaikaza nati juu ya ngozi. Nati haikufika tena ilipokuwa, pini ikakosa tundu, akaitupa. Na ngozi haikai kama chuma. Kila siku yapondeka kidogo, na nati yapata nafasi ya kulegea.

"Ni wewe uliyeitia hii, ami?"

Muuza samaki ndiye aliyejibu, "Kumbe hasidi wake ana spana nyumbani."

Mtu mmoja alicheka, nyuma kabisa. Ami alikisikia kile kicheko. Akaja kwangu akanipiga kofi nikaona weupe mtupu, la pili likanipasua mdomo.

"Nani alikutuma uguse?"

Akaipokonya hirizi, akaitia mfukoni, akaondoka akichechemea. Nyundo ilibaki chini. Wale wakata mawe wawili, hao hao, walimpakia fundi kwenye mkokoteni wampeleke hospitali, mmoja akisema pole, mzee, pole. Vidole vile havikukunjika tena, na kabla ya mwaka kwisha fundi alirudi kwao Kaloleni.

Ijumaa ile ilipoadhiniwa magharibi mtaa ulikuwa mtupu. Nilikaa mlangoni pa kibanda, leso mdomoni, nikiitazama ile pikipiki. Nilijua ami hatauliza kitu. Asubuhi ataichukua kimya kimya, nati bado imelegea, atashuka mteremko ule ule, na kila lori la mawe litapita pale pale. Kwa muda nilimtakia aanguke tena, sifichi.

Kisha niliingia ndani nikatafuta spana kubwa. Nilisukuma gurudumu likae katikati, nikapima kwa kidole cheni ilivyolegea, nikakaza nati hadi nikaning'inia kwenye spana. Pini nilizikuta ndani ya kopo la maziwa. Nikatia moja, nikazikunja ncha zake kwa koleo, moja huku, moja kule.