Mdudu wa Mikia Mitatu

Kabla sijaja Amerika nilifanya kazi miaka saba katika karakana moja nje kidogo ya Nairobi. Kazi yetu ilikuwa kufunga nzi. Ndivyo tulivyoiita, na watu wa mtaani walitucheka sana. Kila mmoja alikuwa na jiliwa dogo mezani la kubania ndoano. Juu ya ndoano hiyo ulizungusha uzi, ukaongeza unyoya wa jogoo na nywele kidogo za sungura, mpaka kitu kikafanana na mdudu. Wiki ya kwanza nilidhani ni herini. Mwenzangu wa kiti cha kushoto, ambaye baadaye alikuwa rafiki yangu wa dhati, ndiye aliyenieleza kwamba huko ng'ambo watu huvitumia kama chambo cha kuvulia samaki aitwaye trauti.

"Wewe umewahi kumwona huyo trauti?" nikamwuliza.

"Mimi nimwone wapi?" akasema, macho yake yakiwa bado kwenye uzi.

Kisha nikashinda bahati nasibu ya viza, nikaja Minnesota peke yangu. Nilipanga chumba Saint Louis Park, ghorofa ya tatu, na kazi nikapata katika makao ya wazee mjini Minneapolis. Siku yangu ya ofu ilikuwa Jumanne. Jumapili sikuwa na shida: kanisani Wakenya wenzangu walinikumbatia, wakanipakulia chakula, wakaniuliza habari za nyumbani. Lakini Jumanne kila mtu yuko kazini. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Jumanne moja, jua likiwa linazama, niligundua kwamba sijatamka neno tangu jana yake. Nikakohoa, nisikie kama sauti ingalipo.

Mwaka wa tatu nikanunua gari kuukuu, ndipo nikaanza kuzurura. Siku moja ya mwisho wa baridi niliingia duka la vifaa vya uvuvi kutafuta gambuti. Karibu na mlango palikuwa na meza yenye vijumba vidogo vidogo, na ndani ya vijumba, nzi. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na jamaa zake stesheni. Huyu wa kijivu mwenye mabawa yaliyosimama nilikuwa nimemfunga mara zisizo na hesabu. Nikamwinua mmoja nikatazama shingo yake, pale uzi unapofungiwa fundo la mwisho.

Mwenye duka akanisogelea. "Naweza kukusaidia?"

"Hawa nilikuwa nawafunga mimi," nikamwambia. "Kenya."

Alinitazama, akamtazama nzi, kisha akavuta kiti akaketi. "Sasa unavua mto gani?"

"Sijawahi kuvua."

Hakucheka. Alinichorea ramani nyuma ya risiti: shuka kusini, pita Apple Valley, endelea mpaka mashamba yaanze, kuna mto mdogo wenye trauti. Akaniambia pia jambo ambalo nililielewa vizuri baadaye, kwamba mto ule unaishi kwa mvua. Mvua ikinyesha sana, maji huwa rangi ya chai ya maziwa na samaki hawaoni kitu. Mvua ikikosa, mawe yanabaki nje na samaki wanajificha. Nenda siku mbili baada ya mvua.

Nikakata leseni, nikanunua ufito na mshipi. Majira yote ya kuchipua nilienda kila Jumanne na sikupata chochote. Mshipi ulinasa mti wa nyuma yangu, ukanasa majani, siku moja ukanasa koti langu mwenyewe. Wakati mwingine mvuvi alipita ng'ambo ya pili, akainua mkono, nami nikainua wangu. Mazungumzo yangu ya siku nzima yakawa yameishia hapo.

Kanisani mama mmoja mtu mzima alinivuta kando. "Mwanangu, nasikia unaenda mtoni peke yako kuvua samaki."

"Ndio, mama."

"Na ukimpata unamrudisha majini?"

"Ndiyo sheria ya sehemu ile, mama."

Akanishika mkono kwa huruma. "Tutakuombea upate mume."

Basi ikafika Jumanne moja ya Juni. Jumapili mvua ilikuwa imenyesha, maji yalikuwa yameanza kurudi rangi yake. Nilifika alfajiri, manyunyu bado yakidondoka. Nikaingia mpaka magotini, na nilipokuwa natayarisha mshipi, mdudu akatua kwenye mkono wa koti langu.

Alikuwa wa kijivu. Mabawa yamesimama wima. Kiuno chembamba chenye mistari, na nyuma mikia mitatu, myembamba kama nywele, mirefu kuliko mwili wake wote. Miaka saba nilikuwa nimemfunga mdudu huyu, na sikujua kwamba yuko. Niligeuka kumwonyesha mtu, na nyuma yangu kulikuwa na nyasi tu.

Sijui nilisimama vile muda gani. Mdudu aliporuka nilimfunga mwenzake wa uzi kwenye mshipi, nikatupa. Maji yakapasuka. Ufito ukapinda, na baada ya kuhangaika huku na huku nilikuwa nimemshika trauti mkononi, mgongo wa kahawia, madoa mekundu ubavuni. Nilimtoa ndoano, nikamshikilia majini mpaka akapata nguvu. Akaenda.

Nilikaa ukingoni nikampigia rafiki yangu. Kwao ilikuwa alasiri, na hatukuwa tumesemezana karibu mwaka mzima. Karakana ilikuwa imeshamwachisha kazi. Alikuwa anauza mboga.

"Nani amekufa?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hakuna aliyekufa. Nimemwona yule wa kijivu. Yuko hai, ametua kwenye mkono wangu."

Akauliza, "Mikia ni mirefu?"

"Mirefu kuliko mwili."

"Unaona!" alipiga kelele. "Unaona sasa! Yule supavaiza alinirudishia trei nzima nikate mikia! Nilikuwa sawa!"

"Ulikuwa sawa," nikasema, na machozi yakanitoka.

"Unalia nini?"

"Hapa hakuna mtu wa kumwambia."

Alitaka kujibu, nikasikia mtu akiulizia sukuma wiki. "Ngoja nihudumie mteja, nitakupigia," akasema. Hakupiga. Nilipojaribu mwezi uliofuata namba ilikuwa haipatikani, na kila niliyemwuliza nyumbani aliniambia amehama, hajui wapi.

Nimekuwa mvuvi wa kutosha tangu siku ile. Najua kusoma maji, najua mawe yapi huteleza. Siku nyingi narudi sijagusa samaki. Naegesha gari, napanda ngazi, naweka gambuti mlangoni zikauke, kisha natia chai ya kikombe kimoja jikoni.