Mama yangu alisema, gazeti la Kiingereza likaandika "alidai"

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, huwa nasoma nyuzi zenu na kupita. Leo naleta la kwangu. Hii siyo chai, wala siyo stori ya kusikia kwa mtu. Ilinipata mwenyewe, na wanaonijua wakipita hapa watanitambua, potelea mbali.

Kiswahili changu ni cha Bwiza, mtaa wa hapa mjini ninapokaa, kimechanganyika na Kifaransa na Kirundi. Mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza kwenye secondary moja huku Cibitoke. Ninayosema ni Cibitoke ya hapa mjini, siyo ule mkoa.

Kufundisha Kiingereza Buja ni kazi ya upweke, wakuu. Mtaani ni Kirundi na Kiswahili. Ofisini ni Kifaransa. Kiingereza tunaambiwa ndiyo lugha ya Jumuiya, ndiyo ya kesho, ila ukitoka darasani huna wa kuongea naye. Unafunga kitabu na lugha yako unaimeza mpaka kesho yake.

Mimi nilikuwa na mtu mmoja tu. Kaka yangu Yasini.

Yasini alikuwa fundi wa magari. Alikaa Kampala miaka kadhaa, akarudi na Kiingereza cha gereji, cha haraka haraka, grammar hakuna lakini aibu pia hakuna. Ijumaa baada ya swala alikuwa anapita kwangu, tunakaa sebuleni tunaongea Kiingereza mpaka majirani wanauliza kuna mgeni gani humo ndani.

Yasini alikufa kwa maji.

Alikuwa anaishi na mama yetu mtaa wa Kinama, nyumba ya matofali ya udongo, karibu na korongo. Mvua ilipiga asubuhi, maji yakashuka kutoka milimani yakaingia majumbani. Yasini akamtoa mama, akamfikisha pa juu. Halafu akamkumbuka jirani yetu, Mama Goreti, mwenye miguu mibovu na anaishi peke yake.

Akarudi.

Alimkuta amepanda juu ya kitanda. Akambeba, akampitisha juu ya ukuta wa ua, wanaume waliokuwa upande wa pili wakampokea. Yeye alipotaka kupanda, ukuta ukamwangukia.

Tukamzika. Nyumba ilikuwa imeondoka na maji, kwa hiyo mama akahamia kwangu Bwiza. Mama Goreti akaenda kwa binti yake, na mpaka leo yuko hai, anakuja kutuona.

Sasa nije kwenye Kiingereza.

Wakati huo nilikuwa nimeanza master's, na kwa mémoire, yaani ule utafiti wa kumalizia, nilichagua kuchambua namna magazeti ya Kiingereza yanavyoandika habari za majanga ukanda wetu huu. Siyo habari zenyewe, namna zinavyoandikwa. Neno gani limetumika, nani ametajwa kwa jina, nani amepewa nafasi ya kuongea.

Niliipenda sana ile kazi. Kiingereza kina mambo, wakuu. Kwa mfano wanapenda kuandika "lives were lost". Maisha yalipotea. Kama funguo! Hakuna aliyekufa, hakuna kilichoua. Mwanzoni nilikuwa nacheka mwenyewe maktaba.

Jambo jingine nililoliona ni vitenzi vya kunukuu. Mwenye cheo akiongea, gazeti linaandika "said", alisema. Au "confirmed", alithibitisha. Au "explained", alieleza. Mwananchi wa kawaida akiongea, hasa akiwa mama, hasa akiwa analia, anaandikiwa "claimed". Alidai. Maana yake, ndivyo anavyosema yeye, sisi gazeti hatumo.

Siyo kila mara, lakini mara nyingi kiasi cha kukufanya usimame.

Mchana mmoja niko maktaba nakusanya makala. Nikafungua gazeti moja la nje, jina nitaliacha. Makala ilikuwa ya mafuriko Bujumbura. Nikaanza kuisoma kama nilivyosoma nyingine zote, kalamu mkononi.

Picha ilichelewa kufunguka. Ilipofunguka nikaona kitenge cha kijani.

Alikuwa mama.

Amesimama kwenye tope, mkono kichwani. Pembeni yake Mama Goreti, amefunikwa blanketi. Chini yake makala inasema wakazi walipuuza ushauri wa kuhama. Halafu afisa fulani alithibitisha, mtaalamu fulani alieleza. Halafu sentensi moja: mwanamke mmoja mwenye majonzi alidai kwamba mtoto wake alirudi kumwokoa jirani.

"Claimed."

Jina la Yasini halikuwepo popote.

Nilikaa pale mpaka umeme ukakatika na kompyuta ikazima. Wenzangu wakaguna kwa pamoja kama kawaida, wakatoka nje. Mimi nikabaki naangalia kioo cheusi.

Mtanisema, kwani "alidai" ni tusi? Siyo tusi. Ndiyo shida yake. Lingekuwa tusi ningepata pa kulalamikia.

Sikumwambia mtu. Mama hajui Kiingereza wala hakujua kama yale maneno yake yalifika gazetini. Wenzangu wa darasani wangenihurumia kwa Kifaransa. Na mtu ambaye ningemwambia "Yasini, wameandika claimed" akanielewa hapo hapo bila maelezo, ndiye aliyekuwa amekufa.

Nikaiweka ile makala pamoja na nyingine, nikaichambua.

Hapa ndipo nilipojifunza upande wa pili wa Kiingereza, kile cha chuo. Directeur wangu, yaani mwalimu anayesimamia mémoire, ni mzee mkali lakini wa haki. Kila nilipoandika "I" aliikata kwa wino mwekundu. "Hakuna mimi hapa," ananiambia. "Andika the researcher. Andika it was observed." Mtafiti. Ilionekana. Imeonekana na nani? Haisemwi.

Kwa hiyo nikaandika kwamba mtafiti aliona kuwa kauli ya "the female resident" imewekewa shaka.

The female resident ni mama yangu, wakuu.

Niliandika hivyo miezi na miezi. Niko mezani naandika the female resident hivi, the female resident vile, na yeye yuko jikoni anapika lengalenga na ndagala, dagaa wa huku, ananiita, "Zaina, kuja ule, chakula inapoa." Naenda, tunakula, ananiuliza kazi ya shule inaendaje, namwambia inaenda vizuri. Narudi mezani naendelea kumwandika kama mtu nisiyemjua.

Sijawahi kuwa mpweke kama miezi ile. Hata msiba wenyewe ulikuwa na watu.

Siku ya kutetea mémoire ikafika. Ukumbi mdogo, jury ya walimu watatu, nyuma wamekaa wenzangu wachache na Espérance, rafiki yangu tunayefundisha naye. Mama sikumwalika. Ingekuwa yote kwa Kiingereza, angekaa tu.

Nikaeleza, nikaonyesha mifano. Yalienda vizuri mpaka mmoja wa jury, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, akafungua ukurasa wa ile makala.

Akaniuliza, "Hapa unasema claimed inamwonea huyu mwanamke. Lakini mwandishi hakuwepo maji yalipokuja. Mwandishi makini akiwa hajaona kwa macho, anaandika claimed. Wewe unajuaje alichosema ni kweli?"

Swali zuri. Ni la haki kabisa. Na jibu la kitaalamu nilikuwa nalo: kwamba afisa naye hakuona kwa macho na bado aliandikiwa confirmed. Nilikuwa nimeliandaa.

Nikafungua mdomo likatoka jingine.

"Because she is my mother."

Yule mama akainua macho kutoka kwenye ukurasa.

Nikaendelea, sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema yule aliyeokolewa ndiye huyu kwenye picha, mwenye blanketi. Amesimama hapo hapo. Mwandishi angegeuza shingo tu angemuuliza. Nikasema aliyerudi anaitwa Yasini na alikuwa kaka yangu.

Espérance nikamsikia analia kule nyuma. Mimi sikulia.

Directeur wangu alivua miwani akaiweka. Mwenyekiti wa jury akaniuliza kwa Kifaransa, taratibu, kama nahitaji kupumzika. Nikasema hapana. Wakatutoa nje wakajadiliana.

Nilijua nimeharibu. Utafiti wa mtu kumhusu mama yake bila kusema, huo ni utafiti gani?

Waliporudi walinipitisha, kwa sharti. Yule mama mwenye miwani ndiye aliyelisoma. Nirudishe mémoire na aya mpya kwenye utangulizi, inayosema mimi ni nani kwa yule mwanamke. Na nilete ridhaa yake.

Directeur wangu akaongeza, haniangalii usoni: "Hiyo aya utaandika I. Hiyo siwezi kuikata."

Wenzangu walitaka twende tukanywe Fanta. Nikasema naumwa kichwa. Mafuta yalikuwa hayapatikani wiki ile, mabasi hakuna, kwa hiyo nikatembea mpaka Bwiza na viatu vyangu vya jury, watu wananipita, mimi nawaza jambo moja. Ridhaa ya mama maana yake ni lazima nimsomee.

Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikakaa chini, pembeni ya ungo.

"Mama, siku ile ya maji, kuna gazeti liliandika. Walikuandika na we."

"Miye?" Akaacha mchele. "Yule kijana wa kamera?"

"Ndiyo."

"Basi soma."

Nikatafsiri polepole. Nilipofika pale nilifikiria kubadilisha, wakuu, siwafichi. Nani angejua? Lakini nikaona na mimi nitakuwa kama wao, naamua mwenyewe mama yangu alisema nini. Nikasoma kama ilivyo. Mwanamke mmoja mwenye majonzi alidai kwamba mtoto wake alirudi kumwokoa jirani.

"Alidai?"

"Ndivyo wameandika, mama."

"Mi nilimudai nani?" Aliuliza kweli, anataka kujua. "Mwenye kudai ni mutu anataka kitu. Mi sikutaka kitu kwa yule kijana. Aliniuliza, nikamujibu. Mi nilisema."

"Najua, mama."

"Na jina ya Yasini walitia?"

"Apana."

"Nilimwambia jina. Na yule wa kugeuza maneno kwa Kizungu akairudilia, nikasikia." Akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Na Goreti? Walimuuliza?"

"Apana."

"Alikuwa hapa." Akanyoosha mkono akagusa hewa pembeni yake. "Hapa!"

Nikamweleza basi habari ya mémoire, na aya wanayoitaka, na kwamba akikataa nitaitoa makala yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali ambalo jury yote haikuniuliza.

"Na we katika kitabu yako umeniita nani?"

Nikamwambia. The female resident.

"Ndiyo kusema nini?"

"Mwanamke mukaaji."

Mama akaniangalia. Halafu akacheka, wakuu, akacheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani. "Mukaaji! Mukaaji wa wapi, na nyumba ilienda na maji?"

Nikacheka na mimi. Hapo ndipo machozi yangu yalipotoka, yale ya mbele ya jury na ya miezi yote ile.

Aliniacha nilie. Nilipotulia akasema, "Tosha hiyo neno," yaani niliondoe, "andika jina yangu. Na ya Yasini andika yote, na ya baba yake."

Nikaandika. Aya fupi tu. Mimi ni binti wa mwanamke aliyenukuliwa hapa. Aliyerudi ni Yasini mwana wa Selemani, kaka yangu. Kuandika "I" nilihisi kama mtu anayevua viatu mbele za watu. Directeur aliisoma, akasahihisha koma moja, akasaini.

Leo mémoire iko kwenye rafu ya maktaba. Sijui kama kuna mtu ameifungua. Kiingereza bado sina wa kuongea naye, Ijumaa baada ya swala sebule ni kimya. Digrii haikuniondolea hilo, na nisiwadanganye kwamba iliniondolea.

Nilichojifunza ni hiki. Ukisoma habari, kwa lugha yoyote, angalia nani amesema na nani amedai. Kiswahili chetu nacho kimo, fungueni magazeti yenu mtaona. Na mnaoandika thesis, hizo "it was observed" ziandikeni kwa sababu mwalimu anazitaka, maksi zipatikane, lakini mjue moyoni ni nani aliyeona.

Karibuni wakuu. Nani humu amewahi kukuta habari ya nyumbani kwao imeandikwa kwa lugha ya wengine? Waliwaitaje? Wenye kusahihisha Kiswahili changu leo wanipumzishe.

Mama yuko hapa pembeni, ameniuliza nawaandikia nani muda wote huu. Nimemwambia ni watu wengi, siwajui, ila wote wanaongea Kiswahili.

Akasema, "Basi hao watanisikia. Hakuna wa kugeuza."