Wifi Yangu na Gemu Isiyoisha

Mimi ni msusi. Mwaka wa kumi na saba huu nasimama nyuma ya vichwa vya watu, na magoti yangu ni mashahidi. Saluni yangu ni chumba kimoja: viti viwili, kioo kwenye ukuta wa nyuma, ndoo ya maji ya moto ya kuchovyea ncha za rasta, na tivii mbele. Chini ya tivii kuna mashine ya gemu. Niliinunua kwa akili zangu timamu, maana nilishachoka kusikiliza habari za waume za watu. Mteja akishika pedi ya kuchezea ananyamaza, na shingo inatulia.

Ila nilikuwa na msimamo wangu: gemu iwe fupi. Anayesukwa mistari sita nampa ya dakika arobaini. Unaruka mashimo, unamwokoa paka wa jirani, imeisha, na kichwa nacho kimeisha. Ya saa themanini ya nini? Mtu mzima unazunguka porini kumtafutia mzee uyoga, ukimpa anakutuma kuni! Kwani nyumbani hatutumwi vya kutosha?

Aliyenibishia ni wifi yangu, kitinda mimba kwao mume wangu. Tunamwita Kiroboto kwa sababu hajui kutulia. Yeye alisema gemu fupi ni kama mgeni anayekusalimia akiwa mlangoni, hujamjua vizuri ameshaaga. Miaka miwili iliyopita akaja na ya kwake, ndefu haswa, ya binti mfinyanzi anayevuka nchi nzima kumtafuta dada yake aliyepotea. Akaweka sharti kwamba tutaicheza hapa saluni tu, siku za kusukwa tu. Nikamwambia sawa, lakini mimi nisiulizwe kitu.

Kumbe najipalia makaa. Kila baada ya wiki tatu Kiroboto anakaa, anacheza, mimi nasuka. Mwezi wa pili nikajikuta namkataza asiingie kwenye pango. Mwezi wa nne nikamwonya asimwamini muuza mbuzi, akamwamini, tukaibiwa kila kitu. Nilimvuta nywele kwa makusudi, na sijutii. Halafu kuna zile safari za farasi, nusu saa nzima hakuna adui wala nini, ni nyasi tu. Humo ndimo tulimokuwa tunaongea. Humo aliniambia habari za mchumba kabla hata mama yake hajazisikia, na mimi nikamwambia nilivyolia chooni wiki yangu ya kwanza kwao, kwa kuwaogopa wote. Gemu fupi haina nafasi ya maneno kama hayo.

Basi mchumba akawa bwana harusi, na kazi yake iko mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Kiroboto alikuja kusukwa siku moja kabla ya harusi. Alitaka rasta nyembamba kichwa kizima, na saa kumi awe kwa fundi cherehani kujaribu gauni. Gemu ilikuwa imebaki sehemu ya mwisho. Akaniambia leo lazima tumpate dada, maana akishaondoka hakuna atakayekuja kumalizia.

Nilianza upande wa kushoto saa nne asubuhi. Vita vilikuwa vikali, macho yangu kwenye tivii, mikono inakimbia yenyewe. Saa sita mfinyanzi akasimama mbele ya lango la mwisho, na mimi roho ikaniuma ghafla. Nikahamia upande wa kulia. Nikamwambia arudi kwanza kijijini akanunue dawa. Akanunua. Nikamwambia si vizuri kuondoka bila kumuaga mzee wa uyoga, maana hata gemu hii ilikuwa na wake. Akaenda, akamuaga. Nikamkumbusha na farasi anywe maji.

Saa tisa akaingia langoni. Dada alikuwepo, amekaa anafinyanga chungu, akamsogezea mdogo wake kigoda. Tulilia wote wawili, kamasi na kila kitu. Kiroboto akainuka, akageukia kioo.

Kushoto rasta zilikuwa nene kama vidole. Kulia zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Jamani, miaka kumi na saba! Hata aliyeanza kujifunza kazi juzi hafanyi kichekesho kile.

"Wifi," akasema, "huku ulikuwa unakimbia, au huku ulikuwa unanichelewesha?"

Ningeweza kusingizia macho. Sikuweza.

"Nilikuwa nakuchelewesha. Ukiinuka kwenye hicho kiti ndiyo umeondoka, na mimi sitaki uondoke."

Alimpigia fundi cherehani simu, akamwomba amletee gauni hapa hapa saluni, kisha akarudi kukaa. Nikaanza kufumua upande wa kushoto. Kazi ya kufumua na kusuka upya ilikuwa ya saa tatu, nne hivi. Akaninyooshea pedi, akasema leo nichague mimi, niweke yoyote kati ya zile fupi ninazozisifia, tuicheze na kuimaliza.

Nikazipita fupi zote. Nikabonyeza ile niliyowakatalia wateja mwaka mzima, ya saa mia na ishirini.

"Wifi, hii hatuimalizi leo."

"Najua," nikamwambia. "Inamisha kichwa. Utarudi kusukwa."