Mhuri wa Herufi Nne

Fundi bomba huyu alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, magoti ya miaka themanini, na jina la utani ambalo hakulipenda. Kwa miaka thelathini mtaa ulimwita Fundi Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kukurupuka kufunga hata nati moja. Mwaka huu, ghafla bin vuu, wakaanza kumwita Bwana Kodi.

Chanzo kilikuwa tamaa, na mwenyewe hakuficha. Hosteli ya wanafunzi wa uuguzi ilitafuta fundi wa kuhudumia mabafu arobaini, na mhasibu wake alikuwa mtu wa makaratasi: asiyesajiliwa kwa kodi asigonge mlango. Fundi akaenda kujisajili, kazi akaipata. Alichokuwa hajui ni kwamba ukishaingia kwenye daftari la kodi ya mauzo, huchagui wa kumtoza na wa kumsamehe. Kila ankara, iwe ya hosteli, iwe ya bibi kizee mwenye koki moja inayodondosha, sharti iongezwe sehemu moja ya kumi. Dada wa dirisha namba tatu kwenye ofisi ya kodi alimweleza mara mbili, polepole, kama anayemwelekeza mgonjwa dawa.

"Hii hela si yako, baba. Wewe ni mpitishaji tu. Inaingia kwako, inatoka kwako, inakuja huku kila mwezi kabla ya tarehe ishirini. Ukichelewa, faini."

"Yaani mimi ni bomba."

"Ndiyo hivyo," akasema yule dada, wala hakucheka.

Mkewe ndiye aliyekuwa ofisi nzima. Mezani pa kulia, kati ya sahani na chupa ya chai, aliandaa ankara za mumewe kwa mwandiko uliosimama wima, na baada ya wiki mbili akachoka kuandika "kodi ya mauzo" kila ukurasa. Akamtuma mumewe kwa mchonga mihuri. Mchonga mihuri alitoza kwa herufi. Fundi akahesabu kwa vidole: kodi ya mauzo, herufi kumi na moja, kodi peke yake, nne. "Mtu mzima akisoma kodi atashindwa kuelewa?" akauliza, akachukua mhuri wa herufi nne. Upo ubahili wa namna hiyo, wa kuokoa senti leo na kuilipia riba kesho, na wanaume wenye akili zao timamu ndio hasa wanaoupenda.

Basi wateja wakaanza kumtoa jasho. Muuza nguo wa kona, ambaye choo chake kiliziba kila baada ya miezi mitatu kwa sababu zinazojulikana na wanawe watano, aliinua ankara juu kama noti anayoishuku. "Kodi? Kwani choo changu ni nyumba yako, nimepanga?" Watu waliokuwa dukani wakacheka, na fundi naye akacheka kidogo, maana mteja ni mfalme hata akiwa mjinga. Mwalimu wa hesabu akamwambia kwamba Mungu mwenyewe fungu la kumi huliomba, halichomeki kwenye karatasi. Wengi waliuliza swali lile lile, kwa sauti ya chini na jicho la kukonyeza: bila risiti ni bei gani? Alipowajibu kwamba bei ni ile ile, walimtazama kama mtu aliyekataa salamu. Watatu wakahamia kwa fundi mwingine, mzee wa kukurupuka, asiyejua kodi wala kunyoosha bomba.

Alichoka. Si kuchoka kwa mgongo, huko alishazoea. Alichoka kueleza. Kazi ya saa moja ilifuatwa na mabishano ya saa nzima, naye akiwa amesimama mlangoni na spana mkononi, maji yakimdondoka kwenye suruali, akijitetea kwa hela ambayo hataila. Ikafika mahali akawa anasema maneno machache tu, yale yale, huku anatazama viatu vyake.

Katika hali hiyo ndipo Mkunga alipomwita.

Huyu alikuwa mama wa miaka sabini na sita, mkunga mstaafu aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule, mtoto wa kwanza wa fundi akiwamo. Nyumba yake ya vyumba vinne aliijenga na mumewe tofali kwa tofali, mshahara wake na wa mwenziwe ukiingia kwenye saruji mwezi hadi mwezi. Mumewe alifariki miaka miwili iliyopita. Kabla hata viti vya msiba havijarudishwa, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alisimama sebuleni akamwambia mbele za watu kwamba nyumba ni ya ukoo, akae tu, lakini siku moja mambo ya kodi yatakuja. Mtaa mzima uliyajua maneno hayo. Fundi naye aliyajua. Tena aliwahi kukutana na shemeji huyo getini, akapigwa bega na kuambiwa, "Fundi, endelea kututunzia nyumba yetu," na akaitikia "sawa mzee" kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kumpita mtu kama yule.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Bomba chini ya sinki la jikoni lilikuwa limeoza, ndoo imewekwa kukinga. Fundi alikuwa ametoka kugombana na watu wawili asubuhi ile, hajala, na aliomba kimoyomoyo asikutane na wa tatu. Akabadilisha bomba, akafuta sakafu, akatoa kitabu chake. Kazi na vifaa, elfu sitini. Chini yake akagonga mhuri, akaandika elfu sita.

Mkunga akavaa miwani.

"Kodi," akasoma.

"Ndiyo mama. Siku hizi ndiyo hivyo."

"Imeanza lini?"

"Mwaka huu."

"Na hii hela unachukua wewe?"

"Mimi mpitishaji tu, mama. Wenyewe wako huko juu. Wamenipa kazi ya kuwakusanyia, na nisipowapelekea watanila nyama."

Mama yule akageuka kutazama sebule yake. "Ni ya kila mwezi?"

"Kila mwezi, kabla ya tarehe ishirini."

"Nilijua itakuja," akasema. Akaenda chumbani, akarudi na pesa, akazihesabu mbele yake mara mbili. Hakubisha, hakuomba kupunguziwa. Fundi alisikia mabega yakimshuka kwa raha.

"Mungu akubariki, mama. Laiti wote wangekuwa kama wewe."

Hakumtazama usoni. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote: kwamba mtu alikuwa anabomoka mbele yake, na yeye alikuwa anamshukuru.

Nyumbani alimsifia kwa mkewe. "Mkunga hakutia neno. Kasoma, kalipa, basi."

"Yule kasomea," mkewe akasema, na wote wawili wakala kwa amani.

Mwezi uliofuata, tarehe kumi na nane, mke wa fundi alikuwa anapanga ankara na fundi mwenyewe ameloweka miguu kwenye beseni, hodi ikapigwa. Alikuwa Mkunga, amekuja kwa miguu, na fimbo, na vumbi hadi magotini. Mtu wa kupanda mwinuko ule kwa afya yake lazima awe na jambo zito. Fundi akatoa miguu majini haraka hadi akamwaga nusu ya beseni.

"Shikamoo mama. Si ungetuma mtu?"

"Marahaba mwanangu. Jambo hili halitumwi." Akakaa, akapumua, akatoa bahasha kwenye mkoba. "Usije ukapigwa faini kwa ajili yangu."

Mke wa fundi akafungua bahasha. Elfu sita.

"Ya nini hii, mama?" fundi akauliza. "Mwezi huu sijafanya kazi kwako."

"Kodi."

"Kodi ya nini?"

"Ya chumba." Alisema taratibu, akipanga maneno kama mtu aliyeyafanyia mazoezi njiani. "Nilikaa nikapiga hesabu. Elfu sita haiwezi kuwa kodi ya nyumba nzima, mimi si mjinga, najua bei za huku. Ni ya chumba kimoja. Nikasema sawa, wamenifikiria. Nimehamia kile cha nyuma, vingine nimevifunga. Uwaambie nimevifunga. Wasije wakasema nimekaa vinne nikalipa kimoja."

Mke wa fundi aliachia kicheko, kifupi, kilichomtoka kabla hajaelewa. Kisha akaelewa, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Maneno yote ya fundi ya siku ile yakamrudia moja moja: wenyewe, huko juu, kukusanya, kila mwezi. Hata angelipwa na shemeji yule asingeyapanga vizuri zaidi.

"Mama," akasema. "Mama, nisamehe. Si hiyo. Si kodi ya nyumba. Ni kodi ya mauzo, ya serikali. Ya kazi ya bomba. Ungenunua sabuni dukani ungelipa, ungetengeneza gari ungelipa. Ukiniita ndiyo unalipa, usiponiita hulipi kitu. Shemeji yako hajui hata kama mimi nina kitabu."

Mkunga akamgeukia mke wa fundi, maana kwenye mambo ya ukweli wanawake huulizana. Mkewe akachukua kitabu, akamwonyesha ukurasa kwa ukurasa: hosteli, kodi. Muuza nguo, kodi. Mwalimu, kodi.

"Hawa wote wamepanga?" mke wa fundi akauliza kwa upole.

"La."

"Basi na wewe hujapanga."

Mama yule hakulia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sasa mwezi mzima huu," akasema, "nimekaa bure kule nyuma."

Walikwenda wote watatu, mwendo wa fimbo. Nyumba ilikuwa imefungwa madirisha mchana kweupe. Sebuleni viti vilifunikwa mashuka. Kile chumba cha nyuma kilikuwa stoo tangu nyumba ijengwe. Sasa magunia yalirundikwa upande mmoja na upande wa pili palikuwa na kitanda cha chuma chembamba, picha ya marehemu imeegemezwa ukutani, na jiko dogo la mafuta limewekwa kwenye korido.

"Mbona unapikia hapa?" fundi akauliza.

"Jiko nalo ni chumba. Nimelifunga. Lile bomba lako jipya halijaona maji."

Fundi alikaa kwenye gunia. Aliona aibu kubwa, tena ya mtu mzima, isiyo na wa kumtupia. Mhuri haukumponza, mchonga mihuri hakumponza. Alichoka, akaona uchovu wake ni mkubwa kuliko wa watu wengine, akaacha kueleza mbele ya mtu mmoja tu ambaye hakuwa na nguvu ya kubisha. Wabishi wote walielezwa. Mnyonge ndiye aliyepewa maneno matatu.

Akainuka. Kitanda wakakirudisha yeye na mkewe, magoti yakimlia kila hatua. Wakafungua madirisha, wakakunja mashuka, jiko likarudi mahali pake. Mkunga aliwafuata nyuma na funguo, akifungua mlango mmoja baada ya mwingine, na kila alipofungua alisimama kidogo kizingitini kabla ya kuingia, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Fundi aliona hilo, likamkera kuliko shemeji mwenyewe.

Walipomaliza, fundi akamrudishia bahasha. Mama yule akaipima mkononi, akairudisha kwake.

"Ongeza kwenye hela ya kitasa. Kitakachopungua nitakumalizia. Nataka kitasa kipya, mlango wa mbele."

"Cha zamani kimeharibika?"

"Kizima. Ila shemeji ana ufunguo wake."

Fundi akakuna kichwa. Alikuwa amechoka, na mambo ya ukoo yana miiba. "Mama, mimi ni fundi wa mabomba. Vitasa sijavizoea. Halafu haya ni mambo ya ndugu, mtu wa nje akiingia..."

"Nilipokuwa nakulipa kodi hukuogopa mambo ya ndugu."

Mke wa fundi akatazama dari. Fundi akaenda dukani, akarudi na kitasa, akakifunga kwa taratibu yake ile ile, jasho likimwingia machoni, hadi ufunguo ukazunguka bila kukwaruza. Zikatoka funguo tatu. Mkunga akazichukua zote tatu.

"Sasa andika ankara."

"Mama, hii acha tu. Hii ni ya kwangu."

"Andika. Na kodi yao weka, sitaki deni la serikali." Akasogea, akaweka kidole juu ya karatasi, pale mke wa fundi alipozoea kuandika neno mteja. "Ila hapa andika mwenye nyumba."

Fundi akaandika, herufi zikatoka kubwa na za kupinda, maana mwandishi wa nyumbani kwake alikuwa mkewe. Akauliza kama aandike na jina.

"Andika," akasema Mkunga. "Yote matatu."