Ua la Krismasi Juu ya Magunia ya Mkaa

Nikisikia harufu ya maji yaliyooshewa sato, mawazo yangu hayaendi kwenye kitoweo; yanaenda kwenye ua. Kwetu Igogo maji hayo hayakumwagwa ovyo. Mama aliyapeleka kwenye mchicha wake nyuma ya nyumba, katikati ya mawe, na mchicha ukanawiri hadi majirani wakawa wanakuja kuomba. Nilikua nikiamini kwamba hakuna kiotacho ardhini kinachoweza kuyakataa maji ya samaki.

Nikiwa darasa la tano, Mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa fundi cherehani Kirumba, aliniletea mmea ndani ya kopo la rangi. Ulikuwa kakti isiyo na miiba ya kuchoma, majani yake bapa yameungana kipande kwa kipande na kuning'inia pembeni. Alisema unaitwa ua la Krismasi, ingawa ua lenyewe halikuwepo. Angekuja sikukuu kuukagua, na akiukuta umedhoofu angeuchukua ampe mwingine. Mimi nilikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Gauni langu lilitoka kwa dada yangu, kitandani tulilala watatu, na kikombe kilikuwa cha yeyote aliyewahi. Mmea ule ulikuwa kitu cha kwanza nyumbani kuitwa changu, na niliona wivu hata kikitazamwa na wadogo zangu.

Basi nikaupa kilicho bora: maji ya sato, asubuhi na jioni. Kufikia Septemba majani yalilegea, na paka wote wa Igogo wakapata habari. Siku moja nilitoka shule nikaukuta umefukuliwa, mizizi juu, kopo limelala. Nililia, kisha nikakumbuka kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaondoa sehemu zilizooza, nikaupanda upya kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa ziwani, na kwa aibu nikalificha kopo stoo, juu ya magunia ya mkaa. Stoo ilikuwa na kidirisha kimoja na haikuwa na taa; mama aliifunga jua likianza kuzama. Niliweza kunyemelea na maji Jumamosi tu, nusu kikombe. Mama akiuliza, nilimjibu kwamba nimeuweka penye ubaridi. Novemba ncha za majani zikaanza kuwa nyekundu. Nikadhani ndio ugonjwa wa mwisho, na wiki mbili kabla ya Krismasi sikuthubutu tena kwenda kuutazama.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia siku ya Krismasi saa saba mchana. Mama mkubwa alitoka kanisani, akaitikia shikamoo yangu, na kabla ya kugusa pilau akauliza mmea uko wapi. Nilikwenda stoo. Juu ya mkaa, katika mwanga mdogo wa kidirisha, maua ya rangi ya waridi yalikuwa yananing'inia kwenye kila ncha. Nikalibeba kopo kwa mikono miwili hadi sebuleni.

Mama mkubwa aligusa ua moja kwa kidole chenye alama za sindano, akasema polepole, "Miaka saba nimekaa nao chini ya taa ya cherehani, haujanipa hata ua moja. Wewe umeufanyaje?"

Nikaungama yote: sato, paka na mkaa. Mama alicheka hadi akaketi sakafuni. Mimi niliogopa, maana sasa ulikuwa umependeza, na ulikuwa wa Mama mkubwa tangu awali. Akanirudishia kopo. "Urudishe hukohuko ulikouficha," alisema. "Ni wako."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha, ukazaa. Leo naishi Buzuruga, na binti yangu amesoma kwenye simu kwamba mmea huu hutoa maua ukipata giza refu, maji kidogo na kutosumbuliwa. Ilimchukua dakika mbili, tena bila paka hata mmoja. Nyumba yetu ina taa kila chumba na nyingine getini, kwa hiyo giza ni la kutafuta. Kila Oktoba naupeleka stoo, kando ya baiskeli mbovu. Mama mkubwa, ambaye macho yake yamechoka, anakaa nasi. Krismasi iliyopita mgeni alimsifia kwa ua lake zuri. Akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole nikiwa mlangoni na sinia la pilau. "Si langu," alisema, "ni la huyu." Nina nyumba, kitanda na kabati zima la vikombe, lakini nilisimama pale nikiwa na furaha ileile ya mtoto wa nne kati ya sita.