Salama Tu ya Fundi Baiskeli

Fundi baiskeli hukaza spoki kwa vidole visivyotetemeka, lakini kuinama kuokota spana humchukua muda wa kuchemsha chai. Mgongo umekwisha, vidonge vya tramado, dawa kali ya maumivu, ndivyo vinavyomfikisha kibandani kwake. Tena ana ugonjwa mwingine usio na dawa: adabu. Ukimuuliza hali, hata jasho la maumivu likimtiririka katika baridi hii ya Sumbawanga, atajibu "salama tu."

Jana hospitalini daktari kijana alimwamkia: "Shikamoo mzee, mgongo unaendeleaje?"

"Marahaba, baba. Salama tu, namshukuru Mungu."

Daktari akaandika kuwa amepata nafuu, tramado isimamishwe siku hiyohiyo. Getruda, bintiye aliyemsindikiza, akadakia. "Daktari, anadanganya huyu! Nyumbani halali usiku kwa maumivu. Na mnakataje dawa ghafla bila kumweleza?"

"Dada, mgonjwa ni nani? Mzee, tukisimamisha kuna shida?"

Fundi alijua kuwa bila vidonge kibandani hafiki tena. Akafungua mdomo. Nyuma yake, mlangoni, foleni ya wagonjwa ikakohoa.

"Hapana, baba. Asante sana."

Akaishika meza kwa mikono miwili, akajivuta, meno yameumana, mpaka akasimama. Daktari akamgeukia Getruda akitabasamu.

"Si umeona? Kasimama mwenyewe."