Meno ya Chuma ya Kassimu

Kwa miaka mingi wakulima wa Lusangi walikuwa na wawili wa kuwapelekea malalamiko juu ya nguruwe wa mwituni: Mungu, na Kassimu mhunzi. Kassimu alifua majembe, alinyoosha vyuma vya baiskeli, alinoa sururu za wachimbaji waliopita kwenda Salamabila kutafuta dhahabu. Bunduki ya kuwindia ikiharibika, alitengeneza pia gasheti: kile chuma kinachovutwa na kidole, pamoja na jino dogo la ndani linaloizuia nyundo isishuke kabla ya wakati.

Sheria inamkataza mtu asiye na kibali kutengeneza hata kipande cha silaha. Kassimu alilijua hilo. Lakini mihogo ilikuwa ikiliwa, na mimi sijafika bado nchi ambayo sheria ya silaha na shamba lililofukuliwa huzungumza lugha moja.

Mmoja wa wateja wake alikuwa Ilunga. Alifia shambani akivizia nguruwe, moyo ulisimama tu, bunduki ikiwa tayari mkononi na nyundo imeinuliwa. Walimbeba yeye na bunduki yake. Wawindaji wa kwao hawaigusi silaha ya marehemu. Huitundika ukutani jinsi alivyoiacha, baruti ikiwa ndani, mpaka matanga yaishe. Ndipo mrithi huenda kuipiga msituni kuwaarifu wanyama kwamba mwenyewe hayupo tena. Kuitoa baruti mapema ni kumziba marehemu mdomo.

Matanga yangali yakiendelea, mchana mmoja Francine, mjane wake, aliinuka kitini kwenda kutazama sombe, mboga ya majani ya muhogo, jikoni. Chumbani hakubaki mtu. Bunduki ikalia. Waliokimbilia ndani walikuta moshi umetanda, kiti alichokikalia Francine kimepasuka mgongo, na bunduki ingali juu ya misumari yake, ikitikisika kidogo, kama mtu ametoka kuiachia.

Jean-Baptiste, mdogo wake Ilunga, ndiye aliyelisema kwanza. Kaka yake hakufa kwa moyo. Amerogwa, na sasa amemwonyesha aliyemroga. Usiku haujaingia Francine alikuwa peke yake chini ya paa la jiko. Wengine walitaka afukuzwe. Wengine walisema kufukuzwa hakutoshi.

Kesho yake Kassimu aliitwa aishushe bunduki, maana ndugu hawakuthubutu. Alipoigusa nyundo tu, akajua. Jino lilikuwa lake. Alipolifua hakuwa na chuma kigumu, akatumia laini, na muda wote huo ukutani lilikuwa limeshikilia huku likilika. Mlangoni alisimama polisi, amekuja kutazama kama wengine. Kassimu angeweza kunyamaza. Anasema alinyamaza kweli, hadi akasikia watu nje ya ua wakiokota mawe.

“Kaka,” akamwambia Jean-Baptiste, “haikuwa Ilunga alipiga. Ni mukono yangu.”

“Mukono yako ilikuwa wapi jana?”

“Iko ndani ya ile chuma.”

“Basi, papa mufundi, uiambie ipige tena. Tuone.”

Kassimu alipuliza ndani ya mtutu mbele ya wote ili waone kwamba ni tupu. Akainua nyundo, akaitundika bunduki palepale, akatoka. Watu wakakaa uani wakitazama kupitia mlango.

Vinu vilinyamaza. Kuku aliingia chumbani, akasimama chini ya bunduki, akageuka, akatoka. Mwanga wa jua ukahama ukutani. Mtu akasema chuma ya mufundi imelala. Francine aliniambia kwamba hakuitazama bunduki hata mara moja; aliitazama mikono ya shemeji yake.

Ndani, nyundo ikashuka. Ta.

Mawe yalirudishwa chini taratibu, moja moja, kana kwamba watu wanaogopa kusikika. Mama mzazi wa Ilunga peke yake ndiye aliyesema neno.

“Lakini jana ilingojea mpaka muke wa mutoto wangu ainuke. Nani aliiambia ingojee?”

Kassimu aliingia ndani, akaishusha bunduki.

Polisi alimpeleka mjini Kasongo, akafungwa. Francine alibaki na nyumba na shamba lake. Gerezani Kassimu aliulizwa ametengeneza gasheti ngapi, na hofu ikamwingia kwa sababu alisema kweli: hakumbuki. Mahali fulani, katika nyumba asizozijua, meno yake yalikuwa yanashikilia.

Alipoachiliwa alianza kuzunguka vijiji akiyaomba. Baadhi ya wawindaji walimpa. Wengi walimfungia milango, wakidhani ametumwa na polisi. Nilipoagana naye alikuwa akielekea upande wa Nyangwe. Francine alitangulia mbele yake njiani, kwa sababu milango isiyomfungukia mhunzi humfungukia yeye, mjane wa mwindaji.